Tuweke ofa sasa au tusubiri? Jibu kwa dada anayetafuta nyumba ya kwanza

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, ngoja niliweke hapa kwa kifupi ili na wengine wakisoma waelewe tunaongea nini. Wewe na mumeo, yaani shemeji yangu, mmeangalia nyumba kwa miezi kadhaa, sasa mmepata moja mmeipenda wote wawili, dalali anapiga simu kila siku kwamba kuna mtu anakuja na hela mkononi, shemeji yeye anasema tulieni bei zitashuka, na dalali huyohuyo anataka mumpe arbuni kidogo "ya kushikilia nyumba". Unauliza ofa inawekwa lini hasa, na utajuaje kwamba muda ndo huu.

Nianze na kitu ambacho naona kinawachanganya wanunuzi wa mara ya kwanza karibu wote. Watu wanachukulia ofa kama ndo kununua kwenyewe, kwa hiyo mmoja anaogopa mpaka nyumba inaondoka, anataka ajue kila kitu kwanza ndo afungue mdomo, na mwingine anakurupuka kwa sababu kaambiwa itaondoka. Wote wawili hawajauliza swali la kwanza kabisa: nikisema bei na muuzaji akakubali, nimejifunga kwa nini? Jibu la hilo ndo linakwambia uweke ofa lini, soko linakuja baadaye sana.

Maana sheria hazifanani. Uingereza kwa mfano ofa ikikubaliwa bado haimfungi mtu mpaka muuzaji na mnunuzi wabadilishane mikataba iliyosainiwa, muuzaji anaeza kuchukua mwenye bei ya juu zaidi katikati hapo na wewe pia unaeza kuondoka bila kudaiwa. Marekani kawaida mnasaini mkataba mapema ila wenye masharti ndani yake, mkopo ukikataliwa au ukaguzi ukaleta mabaya na sharti umeliandika, unatoka na arbuni yako. Kwenye mnada ni kitu kingine kabisa, nyundo ikigonga umenunua, na mara nyingi unatakiwa ulipe asilimia 10 palepale, hakuna cha ngoja nimuulize fundi. Sasa ona tofauti: pale ambapo ofa haifungi, au inafunga kwa masharti, unaiweka mapema, alafu uchunguzi wa gharama unafanyika baada ya kukubaliwa. Pale ambapo inafunga moja kwa moja, uchunguzi wote unatangulia, hata kama utapoteza hela ya mkaguzi kwenye nyumba ambayo hukuipata. Kwa hiyo kabla ya kubishana na shemeji kuhusu soko, nendeni kwa wakili wa mambo ya ardhi wa huko mliko, wakili wenu nyie sio aliyeletwa na dalali, muulizeni swali hilo moja. Kuna sehemu hata meseji ya simu inaeza kuletwa mbele ya hakimu kama makubaliano, kwa hiyo na yale mambo ya "sawa tunaichukua" mnayomwandikia dalali usiku, acheni kwanza.

Na arbuni, kwa kuwa tuko hapohapo kwenye kujifunga. Msimpe dalali mkononi. Hata awe mtu mzuri namna gani, hela ya arbuni inakaa kwenye akaunti ya wakili au ya mtu wa kati ambaye sheria ya huko inamtambua, na inatolewa baada ya kuwepo karatasi inayosema mambo mawili: inarudi lini, na inapotea lini. Risiti iliyoandikwa "arbuni ya nyumba" basi, bila hayo mawili, ni karatasi tu. Arbuni isiyo na masharti ya kurudi ndo inawageuza watu wanunue nyumba ambayo wameshaona ina matatizo, kisa wameshatoa hela.

Haya, turudi kwenye kuwa tayari. Uko tayari kuweka ofa pale unapokuwa na namba yako ya mwisho kabla ya kuipenda nyumba. Mmeshaipenda, najua, kwa hiyo mtaifanya hiyo hesabu kwa kujilazimisha. Namba hiyo sio ile benki imewaambia. Benki inakwambia kiasi ambacho yenyewe inaona utarudisha, haijui kama mna mzazi mnayemtunza au mnapanga mtoto wa tatu. Wakopeshaji wa Marekani wana kipimo cha siku nyingi wanakiita 28/36, yaani gharama ya nyumba kwa mwezi isizidi asilimia 28 ya mapato ya mwezi kabla ya makato, na malipo ya mwezi ya madeni yote kwa pamoja na hiyo nyumba yasizidi asilimia 36. Kitumieni kama dari la kuanzia kufikiria, ila mi naamini zaidi kipimo kingine cha kienyeji: chukueni rejesho la mwezi mnalotarajia, toeni kodi mnayolipa sasa, ile tofauti iwekeni akiba kila mwezi kama vile mshaanza kulipa, bila kuigusa, miezi mitatu hata sita. Mkiona mwezi wa pili mnakopa mahali ili mweke akiba, namba ni kubwa, punguzeni. Mkiweza, kianzio chenu, yaani hela yenu wenyewe mnayotanguliza nje ya mkopo, nacho kimeongezeka.

Alafu kuna shimo ambalo watu hawalioni mpaka wameingia. Benki inakopesha kwa kuangalia bei mliyokubaliana au thamani aliyoandika mthamini wao, ile iliyo ndogo. Sitaji sarafu, weka ya kwenu. Mmekubaliana nyumba 1,000,000, benki inatoa asilimia 80, nyie mnajua kianzio ni 200,000 na mnayo. Mthamini anakuja anasema nyumba hii ni 900,000. Benki inatoa asilimia 80 ya hiyo, yaani 720,000, na muuzaji anataka 1,000,000 yake kama mlivyokubaliana. Kianzio kimekuwa 280,000 ghafla. Hiyo 80,000 mnaitoa wapi? Ndo maana nasema sharti la uthamini liwepo kwenye ofa, na ndo maana mtu aliyetumia akiba yake mpaka senti ya mwisho kwenye kianzio hayuko tayari kuweka ofa hata kama nyumba ni nzuri kama nini. Bado hujalipa wakili, mthamini, ushuru wa uhamisho, bima, na gari la kuhamisha vitu, ambavyo sehemu nyingi vikijumlishwa vinafika asilimia kadhaa ya bei, muulizeni wakili namba ya huko.

Sasa shemeji na kusubiri bei zishuke. Simlaumu, anaeza kuwa sahihi kuhusu bei. Ila mtu anayenunua kwa mkopo hanunui bei peke yake, ananunua na riba, na mara nyingi bei zinalegea kipindi ambacho mikopo imekuwa ghali, ndo sababu mojawapo ya kulegea kwenyewe. Fanyeni hesabu hii. Mkopo wa 1,000,000 kwa riba ya asilimia 12, miaka 20, rejesho la mwezi ni kama 11,011. Mmesubiri, kiasi cha kukopa kimeshuka asilimia 10 mkafurahi, sasa ni 900,000, lakini riba nayo imepanda mpaka 14. Rejesho ni kama 11,192. Yaani nyumba imeshuka bei na nyie mnalipa zaidi kila mwezi, kwa miaka hiyohiyo 20. Ni kweli kianzio kingekuwa kidogo, na riba ikishuka baadaye mnaeza kuhamisha mkopo, kwa hiyo sisemi kusubiri ni ujinga, nasema mwambie shemeji alete hesabu ya vyote viwili, asilete bei tu. Na wewe pia usimpige na hesabu hii kama fimbo, maana kuna hali moja ambayo mi mwenyewe ningekaa upande wake: kama hamna uhakika wa kukaa hapo miaka mitano hivi, kazi inaeza kuwahamisha au hamjaamua watoto wasome wapi, gharama za kununua na kuuza tena zinaeza kula faida yote ya kuacha kupanga. Hapo tulieni, na haina uhusiano na soko.

Mnajuaje kwamba bei yenyewe ni ya haki? Hapa ndo miezi yenu ya kuzunguka inalipa, kama mlizunguka vizuri. Kuna hesabu maarufu ya watu wa takwimu inayosema ukiangalia vitu mfululizo na huwezi kurudi nyuma, tazama kama asilimia 37 ya mwanzo bila kuchagua, alafu chukua cha kwanza kinachozidi vyote ulivyoviona. Inapendwa sana, ila wanaoipenda huwa hawamalizii kwamba hata ukiifuata kwa usahihi, nafasi ya kupata kile bora kuliko vyote ni hiyohiyo kama asilimia 37. Na nyumba sio hivyo kabisa, nyingine unarudi baada ya wiki tatu bado ipo na muuzaji kalegea. Mi natumia alama nyingine ya kujua mtu ameona za kutosha: akiingia kwenye nyumba, kabla hajaambiwa bei, anaitaja mwenyewe na anakosea kidogo tu. Jaribuni hilo. Nyumba tatu zijazo, hata ambazo hamzitaki, mwambieni dalali asitaje bei mpaka mtoke, kila mmoja aandike yake kwenye simu. Kama mko mbali sana na bei halisi, hamjaijua mitaa hiyo bado, na hiyo mliyoipenda mnaipenda bila kipimo.

Ninaposema bei halisi namaanisha ilichouzwa, sio kilichoandikwa kwenye tangazo. Tangazo ni matamanio ya muuzaji. Alafu lina sumu, likishaingia kichwani halitoki. Mwaka 1987 watafiti wawili, Northcraft na Neale, walitoa utafiti wao wa Arizona, Marekani, walipeleka watu kwenye nyumba moja, wakawapa makabrasha yenye taarifa za nyumba, kundi hili bei ya muuzaji iko chini, kundi lile iko juu, na waliotathmini walikuwa wanafunzi pamoja na madalali wenye uzoefu. Makadirio ya wote yakafuata bei waliyooneshwa, na madalali wengi wakasema hawakuiangalia hiyo bei. Kama wao wanavutwa, sisi je. Tafuteni nyumba tatu nne zilizouzwa karibuni mtaa huohuo, ukubwa unaofanana, muulize mthamini au angalieni rejista ya ardhi kama huko inaonesha bei, alafu jiulizeni yenu inazizidi kwa nini, au inapungukiwa nini.

Na yule mtu wa hela mkononi. Inaezekana yupo. Mi sina tabia ya kusema madalali wote waongo, wengi wanafanya kazi ngumu na hawalipwi mpaka dili lifungwe, na hapo ndo penyewe. Tuseme kamisheni yake ni asilimia 3. Nyumba ya 1,000,000 ikishuka 50,000, nyie mnaokoa 50,000, yeye anapoteza 1,500. Hana sababu ya kupigania hiyo, ana sababu kubwa ya dili kufungwa wiki hii badala ya mwezi ujao. Wachumi Levitt na Syverson mwaka 2008 walitoa utafiti wa mauzo karibu 100,000 ya maeneo ya Chicago, wakakuta madalali wanapouza nyumba zao wenyewe wanaziacha sokoni wastani wa siku 9.5 zaidi na wanapata kama asilimia 3.7 juu ya nyumba za wateja zinazofanana. Yaani subira wanaijua, ila kwa vitu vyao. Kwa hiyo presha ya dalali ichukulie kama kelele ya kazi, iulize maswali tu: huyo mtu ameshaweka ofa kwa maandishi? Muuzaji anataka jibu lini? Nyumba ipo sokoni tangu lini, na bei imeshawahi kushushwa? Jibu la hilo la mwisho lina thamani kuliko hadithi yote ya mshindani, nyumba iliyokaa muda mrefu wakati za jirani zinaondoka ina kitu, aidha bei au kasoro. Na kama kweli kuna mshindani, hilo halibadilishi namba yenu ya mwisho hata kidogo, linabadilisha tu kama mnaiweka leo au Jumatatu.

Kabla ya ofa sio lazima umlipe mhandisi (isipokuwa pale inapofunga, nshasema), ila lazima mrudi mara ya pili wenyewe, saa tofauti, ikiwezekana mvua imenyesha. Kununua kwa kuona mara moja mchana mweupe na dalali anaongea ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mkifika fungueni bomba zote kwa pamoja, jikoni, bafuni, alafu flashi choo, muone presha ya maji inaanguka au inashikilia. Sogezeni kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje, guseni ukuta kwa kiganja, unyevu mnausikia kabla ya kuuona. Angalieni rangi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu cha dari, kwa nini hapo tu? Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta zisiwatoe jasho, ufa unaotoka kona ya dirisha unapanda kimshazari kama ngazi, mpana upande mmoja kuliko mwingine, huo ndo wa kupiga picha mkiweka sarafu pembeni kuonesha ukubwa, na ukizidi milimita 5 mwiteni mhandisi kabla hamjaenda mbali. Milango ya ndani ifungeni yote, mlango unaokwama juu kona moja na ufa juu yake unawaambia jengo limetembea. Dakika arobaini mmemaliza. Mkiona kitu, hicho ni sababu ya kushusha bei au kuongeza sharti, sio lazima kukimbia.

Na upekuzi wa hati kwenye rejista ya ardhi, huo ni rahisi na sehemu nyingi bei yake ni ndogo, ufanyeni kabla ya ofa hata kama hamjafanya kingine chochote. Mnatafuta jina la anayeuza ni lilelile la kwenye hati, kama kuna rehani, kama kuna zuio la mahakama au la mwanafamilia. Nyumba ya urithi yenye jina la marehemu hamuweki ofa, mnawaambia wamalize mirathi ndo muongee.

Basi mkiwa na hivyo, yaani mnajua ofa inawafunga kwa nini, namba ya mwisho mnayo, mmeirudia nyumba, rejista imesoma safi, msingoje kingine. Uhakika uliobaki unapatikana ndani ya masharti, haupatikani kwa kuendelea kulala mnaiwaza. Ofa iandikwe, hata ukurasa mmoja unatosha, wakili auangalie, iwe kitu kama hiki: "Tunatoa 940,000 kwa nyumba tajwa, pamoja na tangi la maji, pampu na makabati ya jikoni yaliyofungwa. Ofa hii inategemea idhini ya mkopo wetu, thamani ya mthamini wa benki isipungue bei hii, ukaguzi wa jengo utakaoturidhisha ndani ya siku 14, na hati isiyo na rehani wala zuio lolote siku ya uhamisho. Sharti lolote lisipotimia arbuni inarudi yote. Ofa inaisha Ijumaa saa 11 jioni." Hiyo tarehe ya mwisho watu wanaisahau, na bila hiyo muuzaji anaitembeza ofa yenu kwa wanunuzi wengine wiki nzima kama tangazo. Tangi na pampu pia msione aibu kuviandika, watu wanahama na swichi za ukutani.

Ila masharti nayo yana bei. Muuzaji akiwa na ofa mbili, ya kwenu 960,000 yenye masharti sita, na nyingine 940,000 ya mtu mwenye barua ya benki mkononi na sharti moja, wengi wanachukua ya pili. Kwa hiyo barua ya benki ya idhini ya awali ipateni wiki hii, ukaguzi ombeni siku 7 badala ya 14 kama fundi anapatikana, ondoeni sharti dogo dogo la urembo, ila la mkopo, la uthamini na la hati msiyaguse hata dalali akilia.

Bei ya kuanzia hamna kanuni, anayesema anza asilimia 10 chini kila mara hajui nyumba yako. Kama nyumba za karibu zimeuzwa kwenye 950,000 na hii inatajwa 1,000,000 na imekaa sokoni muda, 920,000 inasemeka bila kumtukana mtu, mradi uambatanishe sababu: hizi hapa nyumba tatu, na huu hapa ufa. Kama imetoka juzi na watu wanapishana mlangoni, kucheza na bei ya chini ni kupoteza zamu, anzeni karibu na namba yenu.

Muuzaji akirudisha bei yake, na atarudisha, msijibu kwenye simu palepale. Sema "tumesikia, tutakujibu kesho kwa maandishi", mkalale. Kila hatua mnayopanda iwe ndogo kuliko iliyopita, mlipanda 20,000, inayofuata 10,000, alafu 5,000, hapo anaelewa mnakaribia mwisho bila kuambiwa. Na mmoja wenu asiongee na dalali kabisa, abaki nyuma kama mwenye neno la mwisho, nadhani awe shemeji kwa sababu yeye ndo anaeza kusema hapana bila kuumia, wewe ushaanza kupanga mapazia. Mkifika namba ya mwisho na bado hawajakubali, andikeni kwamba ofa inabaki wazi mpaka tarehe fulani alafu mnaiondoa, na siku hiyo ikifika iondoeni kweli, kwa maandishi. Wauzaji wanaorudi wiki mbili baadaye baada ya yule mwenye hela mkononi kukosa mkopo ni wengi kuliko mnavyodhani, ila wanarudi kwa mtu ambaye karatasi zake zilikuwa sawa.